Nyumba Njema Si Mlango

Nyumba njema si mlango, walisema wazee wetu. Fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihukumu jambo kwa sura yake ya nje. Mimi leo napenda kuichukua kama ilivyo, neno kwa neno, bila ya kuigeuza kuwa fumbo, kwa sababu nataka kusema nawe, msomaji, juu ya nyumba zenyewe: nyumba za kale zilizosalia katika nchi yetu ya Kenya. Natumaini utazizuru siku moja, na nakuomba utakapozifikia usikomee mlangoni.

Mwanadamu huvaa mavazi mawili. Vazi la kwanza ni nguo, nayo hufunika mwili. Vazi la pili ni nyumba, nayo hufunika maisha yake yote: usingizi wake, chakula chake, ibada yake, furaha ya arusi zake na huzuni ya misiba yake. Nguo huchakaa na kutupwa kabla mvaaji hajafa. Nyumba huweza kuishi zaidi ya aliyeijenga, ikakaa kimya kama shahidi aliyengoja kuulizwa. Vitabu vya historia hutueleza zaidi habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini siku za vita ni chache, na siku za kuchota maji, kupika na kulala ni nyingi. Atakaye kujua siku hizo nyingi zilipitaje, na aende akaiulize nyumba.

Twende kwanza Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba nyingi za mawe zionekanazo huko leo zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19. Njia za mji ni nyembamba. Punda aliyebeba mzigo akikujia, yakupasa ujibanze ukutani apite. Kuta za pande zote mbili ni ndefu, nazo zina madirisha machache upande wa njiani. Mgeni asiyejua hudhani kwamba watu wa mji huu hawakupenda kuonekana, wala hakukosea sana. Uzuri wa nyumba ya Lamu haukukusudiwa mpita njia. Alichopewa mpita njia ni mlango wa nakshi na kivuli. Mengine yote yamo ndani.

Mbele ya nyumba ipo daka, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Hapa mwenye nyumba alikaa jioni, akazungumza na jirani, akapokea mtu wa biashara, akasikia habari za bandarini. Baada ya mlango ipo tekani, nayo imepindwa ili jicho la aliye njiani lisifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha hufuata kiwanda, uwanja mdogo usio na dari, ambao kwao jua na upepo huingia nyumbani kama wageni walioalikwa. Kiwanda hutazamana na misana, vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, na nyuma yake kabisa ndipo penye chumba kiitwacho ndani. Kadiri uingiavyo ndivyo mwanga upunguavyo na sakafu ipandavyo kidogo kidogo. Mgeni wa kiume aliyehitaji kulala aliwekewa sabule, chumba chake mbali na njia ya wenyeji, hata akaweza kukaa siku nyingi na asiwaone wanawake wa nyumba ile.

Nilipoingia mara ya kwanza katika nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya na kufanywa makumbusho mjini humo, nilitambua kuwa mpango huu ni adabu iliyojengwa kwa mawe. Leo twafundishwa kwa maneno: bisha hodi, usichungulie, ngoja ukaribishwe. Watu hawa waliyaandika mafunzo hayo katika kuta. Mtu wa mbali alikoma dakani, rafiki alikoma sabuleni, na jamaa peke yao walifika ndani. Kila mtu alijua hatua yake.

Tazama sasa vitu vidogo, maana ndivyo visemavyo zaidi. Ukutani mwa chumba cha ndani utaona zidaka, safu juu ya safu ya vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, ambamo viliwekwa sahani za kaure kutoka China, vitabu, na vyombo vya thamani. Msafara wa bahari wa maelfu ya maili umesimuliwa na sahani moja. Chooni utaona birika la maji, na mara nyingine katika birika utaona samaki wadogo wakiogelea. Samaki hawakuwekwa kwa urembo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Watu waliofanya hivyo hawakuwa na darubini wala dawa za viwandani, lakini walikuwa na macho. Jiko nalo liliwekwa juu kabisa, karibu na paa, ili moshi uende zake bila ya kuwasumbua walio chini.

Hata upana wa vyumba una habari. Utashangaa kuona kwamba chumba huweza kuwa kirefu sana, lakini upana wake kwa kawaida haupiti mita 3. Je, wenye nyumba walipenda vyumba vyembamba? Sababu iko juu ya kichwa chako. Dari imebebwa na boriti, miti ya mikoko iliyokatwa katika maji ya chumvi, na boriti nzuri haifai kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikiwa ndefu kupita kiasi hicho. Basi mti wa pwani ndio uliopima chumba, na chumba kikapima maisha. Kuta ni za matumbawe ya bahari. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yayo hayo juu ya tanuri ya magogo. Bahari ilimpa mtu chakula, ikampa biashara, kisha ikampa na nyumba.

Liko jambo jingine ambalo napenda walisikie hasa wasichana wasomao maneno haya. Katika aila zenye nyumba za mawe, desturi ya Lamu ilikuwa baba ampe binti yake nyumba anapoolewa, na mume akahamia kwa mkewe. Ndiyo sababu baadhi ya nyumba ziliunganishwa na wikio, chumba au daraja lililopita juu ya njia kutoka nyumba moja hata nyingine. Kwa wikio binti aliweza kwenda kwa mama yake bila ya kushuka njiani. Mtu asimamaye chini ya wikio na kuona kivuli tu ameona nusu. Nusu ya pili ni kwamba juu ya kichwa chake walipita wanawake, wakibeba chakula, habari, na watoto wachanga, katika mji wao wa juu usioonekana na wanaume wa barabarani. Maisha yao yalifichwa, lakini mawe yaliyowaficha ndiyo leo yanayowafichua.

Mpaka hapa nimesifu. Sifa peke yake haimfai kijana anayetafuta ukweli, kwa hiyo yanipasa niseme na upande wa pili. Usione vyaelea, vimeundwa. Nani aliyeyakata matumbawe yale na kuyabeba? Nani aliyekata mikoko kati ya matope, akachoma chokaa, akachota maji ya kisimani na kuyapandisha ghorofani kila siku ili birika lisikauke? Kazi hizo nyingi zilifanywa na watumwa. Watumwa pia walilima mashamba ya bara mkabala wa Lamu, ambayo mazao yake yalilipia kaure na nakshi tuzitazamazo. Katika nyumba nyingi za ghorofa, mwenye nyumba na jamaa zake walikaa juu, na watumwa walikaa chini, mahali penye joto na giza. Biashara ya kuwapeleka watumwa kwa bahari katika milki ya Sultani wa Unguja ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Kwa hiyo, msomaji, ukipanda ngazi kwenda kustaajabia zidaka, kumbuka kuwa umepita chumba kilicho chini. Rudi ukakitazame. Hakina nakshi, kina kuta nene, sakafu, na kimya. Hakuna aliyeandika juu ya mlango wake jina la waliolala humo. Mlango wa nakshi ulijengwa ili uonekane, na chumba cha chini kilijengwa ili kisahauliwe. Anayeutazama mlango na kukisahau chumba hutimiza nia ya wale waliowatumikisha wenzao, hata kama anachukia utumwa kwa moyo wake wote.

Baadhi ya watu husema kuwa mambo haya ni aibu, na aibu haifukuliwi. Wengine husema kinyume: kwamba nyumba zilizojengwa kwa jasho la watumwa hazistahili kutunzwa, na ziachwe zianguke. Makundi haya mawili hayaelewani kwa neno lolote, lakini matokeo ya maneno yao ni mamoja, maana yote mawili humnyamazisha shahidi. Mimi nasema shahidi hauawi kwa kuwa ushuhuda wake ni mchungu. Nyumba ikianguka, fahari ya bwana na maumivu ya mtumwa vitazikwa katika kifusi kimoja, lakini bwana amekwisha kutajwa katika nyaraka, na mtumwa alikuwa na kuta zile tu. Basi atunzaye nyumba huwatunza hasa wasio na maandishi.

Kutoka Lamu tushuke kusini hata Gede, karibu na Malindi na Watamu. Hapa hapana daka lenye wazee waongeao. Hapa pana msitu, nyani, na kuta zisizo na paa. Mji huu ulisitawi kwa karne nyingi, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka 1399. Katika karne ya 17 ulihamwa usikaliwe tena. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja: kupungua kwa maji ya visimani, vita vya majirani, na kuvurugika kwa biashara ya bahari baada ya Wareno kuja. Uchimbaji wa elimu ulianzishwa na James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 Gede nayo ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Lililonivuta zaidi katika Gede si jumba la mtawala wala msikiti mkuu, ingawa yote mawili yastahili kuonwa. Ni majina ya nyumba. Majina ya wenyewe yamepotea. Kwa hiyo wachimbaji waliziita nyumba kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za China. Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu aliyekuwa na heshima, labda na watumishi, labda na jahazi, leo hatumjui ila kwa mkasi. Aliishi, akagombana na jirani, akaoza watoto, akafa. Na kitu kilichobaki kumtaja ni chombo kidogo ambacho huenda mtu alikitafuta siku nzima asikione. Kadhalika vyoo vya Gede na visima vyake vyasema kuwa watu hawa walijali usafi na kutawadha. Zamani vizazi vya wasomi wa kigeni walipenda kusema kwamba Mwafrika hakuwa na mji kabla ya kuletewa. Choo cha Gede huwajibu kwa ufupi, tena bila ya hasira.

Mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, naye aliyatazama magofu ya majumba makubwa akayafanya somo la roho juu ya dunia ipitayo. Somo lake ni la kweli, na litakaa. Lakini gofu lina masomo mawili. La kwanza ni kwamba watu hupita. La pili ni namna walivyoishi kabla ya kupita, na hili la pili ndilo ninalokuomba usiliache.

Huenda msomaji wa bara akaniambia: Haya ni mambo ya pwani, sisi kwetu hatukuwa na majumba ya mawe. Namjibu kwa nyumba mbili, moja ya mgeni na moja ya wenyeji.

Ya mgeni iko chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Ilijengwa mwaka 1912, na tangu mwaka 1917 hata 1931 ilikaliwa na Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa. Tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Wageni hutoka mbali kuja kutazama meza yake, vitabu vyake na sebule yake. Wewe ukifika, tazama hayo, kisha toka nje uende nyuma, mahali pa jikoni, palipotengwa na nyumba kubwa. Hapo alifanya kazi Kamante Gatura, kijana Mkikuyu aliyejifunza kupika vyakula vya Kizungu akawa hodari. Fikiri pia juu ya aila zilizoishi katika shamba lile kama maskwota. Kwa sheria ya mwaka 1918, mtu wa namna hiyo alitakiwa amfanyie kazi mwenye shamba si chini ya siku 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa katika ardhi ambayo mara nyingi ilikuwa ya baba zake. Tena twaona sebule na jiko, mbele na nyuma, kama vile Lamu tulivyoona juu na chini. Nchi ni nyingine, rangi ya bwana ni nyingine, lakini swali la kuiuliza nyumba ni lile lile.

Nyumba ya wenyeji iko Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori. Hapo utaona boma kubwa za mawe, zilizojengwa bila ya chokaa wala udongo wa kushikanisha. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa akili ya mjenzi tu, na mahali pengine kuta zimezidi mita 4 kwa urefu. Malango ni mafupi, hata aingiaye huinama, na adui aliyeinama si adui wa kutisha. Ndani palikuwa na nyumba za watu na mazizi ya ng'ombe. Nyumba zenyewe, za miti, udongo na nyasi, hazipo. Zimerudi ardhini zilikotoka. Lakini ukuta uliozizunguka umesimama kwa karne nyingi, na mwaka 2018 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa kuutazama ukuta twajua kilichopendwa: watoto na mifugo, maana mtu hajengei ukuta wa mita 4 kitu asichokithamini.

Sasa niseme neno la mwisho, nalo ni la haraka. Nyumba za kale hufa, tena hufa upesi kuliko tudhanivyo. Nyumba ya matumbawe haifi kwa kuta zake. Hufa kwa paa. Maji ya mvua yakipata ufa mmoja mdogo, huingia katika boriti; boriti huoza, dari huanguka, na kuta zilizobaki uchi hulainishwa na masika yanayofuata. Nyumba nyingine hazianguki, bali huuzwa kwa watu wa mbali, zikapakwa rangi, zikawa za kulala watalii. Hapo jiwe hubaki na habari huondoka, kwa sababu bibi aliyejua kazi ya kila chumba amehamia mahali pengine. Ipo sheria ya mwaka 2006 inayolinda makumbusho na urithi wa taifa, nayo ni njema. Lakini sheria hulinda jiwe. Haiwezi kumlazimisha mtu kukumbuka.

Kukumbuka ni kazi yako. Utakapozuru nyumba ya kale, chukua daftari, na usiandike tarehe tu. Uliza: Maji yalitoka wapi, na nani aliyachota? Nani alilala wapi? Mgeni alifika mpaka chumba gani? Moto uliwashwa na nani, na moshi ulikwenda wapi? Nani alijenga, na jina lake liko wapi? Maswali haya matano hayana ada ya mlangoni, na mlinzi wa makumbusho hufurahi kuulizwa maana wageni wengi humpita kama nguzo.

Wala usingoje safari ya Lamu. Nenda wakati wa likizo kwa bibi yako au babu yako, hata kama nyumba yao ni ya udongo na bati, au hata kama nyumba waliyozaliwa haipo na pamebaki mwembe tu. Mwambie akuonyeshe mlango ulikuwa wapi, mafiga yalikaa wapi, mbuzi walilala upande gani, na nani alizaliwa katika chumba gani. Chora mpango wake katika karatasi, uandike majina yote, ya waliokaa mbele na ya waliokaa nyuma. Ukifanya hivyo, mtoto wa mtoto wako hatahitaji kuokota mkasi kifusini ili apate jina la kuwaita watu wake.